Timazi Ndani ya Picha

Ukipita Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, utakuta picha za kuchora zimetundikwa kuanzia ndani ya maduka hadi nje barazani: mlango wa nakshi, kichochoro, jahazi, kisha mlango wa nakshi tena. Sina neno na wanaozichora. Kazi hiyo inalisha nyumba nyingi, na wengi wao mkono wao ni mwepesi kuliko wangu. Kinachonisumbua ni kwamba milango mingi kati ya ile asili yake ni moja. Mtu mmoja aliupiga picha mlango, mwingine akachora kutokana na picha hiyo, wa tatu akaiga ya wa pili, na kila ulipopita mkononi mwa mtu mlango ukapungukiwa. Mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu umegeuka mistari mitupu. Misumari minene ya shaba imekuwa nukta. Mfaa, ule mti wa wima wa katikati unaofunika mahali mabawa mawili ya mlango yanapokutana, haupo kabisa.

Mwaka huu jambo hili limenirudia kwa nguvu. Kijana mmoja wa bara alinitumia picha aliyoichora ya Jumba la Maajabu, akitaka niitazame kabla hajaipeleka kwenye maonyesho. Ana jicho zuri la rangi. Bahari yake ilikuwa bahari kweli, na weupe wa ukuta ulikuwa na joto la asubuhi ndani yake. Lakini nguzo za roshani alizichora nene, akazitia kivuli kama nguzo za mawe. Nguzo zile ni za chuma. Ni ndefu na nyembamba, na wembamba huo ndio uliolifanya jumba kubwa namna ile lionekane jepesi ukilitazama kutoka Forodhani. Kijana hakuwahi kulikuta limesimama zima. Alilijua kwenye simu tu, na Desemba 25, 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakapoteza maisha. Nilianza kumwandikia jibu fupi, likarefuka, nikaona ninachokiandika hakimhusu yeye peke yake.

Mimi nilianza kupiga picha majengo nikiwa mwanafunzi wa uchapaji jijini Dar es Salaam. Sikuwa na nia ya kuwa mpiga picha. Tulifundishwa kuchonga lino: unachukua kipande cha linoleamu, unakichonga kwa patasi ndogo, unakipaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Ulichokiondoa kinatoka cheupe, ulichokiacha kinatoka cheusi, na katikati ya hapo hakuna cha kujifichia. Nyumba nilizokuwa nazipitia kila siku kutoka Mnazi Mmoja hadi Kisutu zilinivutia kwa sababu hiyo. Zilikuwa nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, chini duka, juu makazi, na pale juu kabisa, kwenye ukingo wa paa, jina la familia na mwaka wa kujengwa vimetokezwa kwa lipu. Mingi ilikuwa miaka ya 1930. Niliazima kamera ya filamu, na filamu moja ilikuwa na picha 36. Filamu ilinunuliwa, kusafisha kulilipiwa, kuchapisha kulilipiwa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza nilisimama ng'ambo ya mtaa nikatazama mpaka wenye maduka wakaanza kunisalimia.

Wapiga picha wa studio walinionya nisitoke na kamera saa sita mchana, kwa kuwa jua la wakati huo linachoma rangi na kuacha nyuso za watu na mashimo ya macho. Walikuwa sahihi kwa harusi. Kwa mchonga lino, jua la utosini ni rafiki. Kila kilichochomoza ukutani hudondosha kivuli chini yake: ukingo wa paa, kibaraza cha dirisha, herufi za jina, tarakimu za mwaka. Jengo linajigawa lenyewe kwa nyeusi na nyeupe, nami kazi yangu ikawa kufuata. Nilipozitandaza picha zile mezani ndipo nilipoona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita mtaani. Kivuli kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha roshani, nacho hakikuangukia ukuta tu, kiliangukia njia ya waenda kwa miguu. Roshani ile ilikuwa imetokezwa ili duka lililo chini lisipigwe na jua wala mvua, na mteja asimame kutazama vitambaa bila kuharakisha. Wakati wote nilikuwa nikiichora kama pambo. Kuanzia hapo kila nilipoona umbo lililonipendeza nilijiuliza kwanza linafanya kazi gani pale lilipo.

Kamera yenyewe ilinipa darasa la aina nyingine. Siku moja, mbele ya ofisi moja ya umma yenye dari refu na matao, mlinzi alinijia mbio. "Dada, una kibali?" Sikuwa nacho, na sikubishana. Niliiweka kamera kwenye mkoba, nikatoa daftari, nikamuuliza kama kuchora kunakatazwa. Alifikiri, akasema hajaambiwa lolote kuhusu kuchora. Nilikaa kwenye kivuli cha mti hadi karibu alasiri, naye kila alipomaliza mzunguko wake alikuja kusimama nyuma yangu. Mwishowe alinionyesha kwa kidole tao moja ambalo halilingani na mengine, akasema ndilo lililojengwa upya, kwa maelezo aliyoyasikia kwa wazee waliomtangulia kazini. Nilikuwa nimeyachora yote sawa. Nimefikiri mara nyingi kwa nini daftari lilimpa amani ambayo kamera haikumpa. Nadhani mtu akikuona unachora anaona unachokichukua na anaweza kukusahihisha. Kamera inachukua kila kitu kwa mara moja na kuondoka nacho, wala mtu haonyeshwi.

Lakini sikuiacha kamera, na sikubaliani na wachoraji wenzangu wanaosema picha ya kamera inaua mchoro. Wakati ule nilikutana na kitabu maktaba kuhusu Mmarekani Charles Sheeler. Mwaka 1927 alipewa kazi ya kupiga picha kiwanda cha magari cha Ford cha River Rouge, karibu na Detroit, na miaka michache baadaye picha zile zikamzalia michoro ya mafuta ambayo leo imo kwenye vitabu vya historia ya sanaa. Hakuinakili picha na kuishia hapo. Alikuwa amekitembea kiwanda, anajua bomba gani linatoka wapi kwenda wapi, na ndiyo maana alipochora aliweza kupunguza bila kuharibu. Anayeijua mashine anajua nini kinaondoleka.

Hili nililielewa vizuri zaidi nilipohamia Unguja kwa kazi. Mji Mkongwe ni mgumu kuupiga picha. Vichochoro vingi ni vyembamba, kuta zake zina ghorofa mbili au tatu, na huna pa kurudi nyuma. Ukitaka nyumba iingie yote lazima uiinue kamera, na ukiiinua tu kuta zinaanza kuegemeana kwa juu. Hilo ni tabia ya lenzi, kila mpiga picha analijua na leo simu yenyewe inaweza kulinyoosha. Tatizo ni kwamba kuta za Mji Mkongwe nyingine zimelala kweli. Kwenye picha zangu sikuweza kutenganisha ulalo wa lenzi na ulalo wa ukuta. Nikizinyoosha zote nasema uongo, nikiziacha zote nasema uongo mwingine.

Aliyenitoa hapo ni fundi mwashi. Alikuwa na vijana wake wakibandua lipu ya saruji kwenye ukuta wa nyumba moja nyuma ya Hurumzi, na pembeni kulikuwa na chokaa iliyolowekwa kwenye pipa, imetulia laini kama samli. Alinitazama ninavyohangaika kuipinda shingo, akaniuliza ninatafuta nini. Nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera.

"Ukuta umelala, sikatai," alisema, "lakini haujalala hivyo."

Akamwagiza kijana mmoja apande juu na timazi. Kijana akaifunga kwenye nondo ya dirisha la ghorofa ya pili, akaiachia, ile risasi yenye ncha ikacheza kidogo kisha ikatulia karibu na miguu yetu. Fundi akaniita niweke mkono wangu kati ya uzi na ukuta. Juu, uzi uligusa. Usawa wa kichwa changu vidole vinne viliingia. Chini zaidi kiganja kizima kikapita. "Sasa piga," akasema. Katika picha ile uzi mwembamba mweupe unakatiza mbele ya ukuta, na chochote lenzi ilichokifanya, uzi unaniambia wima ulikuwa wapi siku ile. Nilinunua timazi yangu wiki hiyo hiyo, na mpaka leo imo kwenye mkoba pamoja na kamera.

Kilichofuata ndicho kilichonifaa zaidi. Fundi alinieleza kwa nini ukuta umelala. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, na sakafu za juu zimelazwa kwenye boriti za mikoko ambazo ncha zake zimeingizwa ukutani. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa. Ukiufunika kwa saruji, maji yanaingia kupitia nyufa na kushindwa kutoka, chokaa ya ndani inalainika, na ncha za boriti zinaoza mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Boriti ikishaoza husikii kelele. Unaona ukuta umevimba tumbo, kama ule uliokuwa mbele yetu. Nilikuwa nimeupita uvimbe ule mara nyingi nikiuona kama kasoro inayoniharibia mstari, na sasa ukawa ndio sababu ya picha. Katika chapa niliyoichonga baadaye niliuacha uzi wa timazi ubaki, mstari mmoja mweupe kutoka juu hadi chini, na uvimbe ule umekaa pembeni yake. Watu wanaoinunua huniuliza uzi ule ni wa nini, nami hufurahi kuulizwa.

Boriti zikanifungulia mengine. Mkoko haurefuki na kunyooka bila kikomo, kwa hiyo chumba cha kale hakiwezi kuwa kipana kupita boriti inavyoruhusu. Kikiwa kikubwa kitakuwa kirefu. Ndiyo maana vyumba vile ni kama vijia, ndiyo maana kuta ni nene na zimepangana karibu, na ndiyo maana madirisha ya nje yana mwendo fulani ambao mtu anauhisi hata asipojua unatoka wapi. Nilipolijua hili nikaacha kutegemea picha moja kwa chapa moja. Mitaa ninayoichonga sasa mingi haipo popote. Nachukua mlango wa Shangani, roshani ya Hurumzi, ngazi ya Malindi, navijenga pamoja, na nyumba inasimama kwenye karatasi kwa kuwa nimezingatia boriti. Wenyeji wa Mji Mkongwe wameshaniambia zaidi ya mara moja kwamba wanaujua mtaa ule, wakaniuliza ni nyuma ya msikiti gani. Kwangu hilo ni kubwa kuliko sifa ya kufananisha. Mtu aliyepata sura peke yake hana njia ila kuinakili. Aliyepata namna jengo linavyosimama ana ruhusa ya kulibuni.

Sisemi kunakili hakuna heshima. Vijana waliomzunguka mchoraji Edward Said Tingatinga kule Oyster Bay walijifunza kwa kukaa karibu naye na kumfuatisha, na alipofariki mwaka 1972 ni wao walioibeba kazi ile na kuifikisha ilipo. Lakini wao walikaa karibu na mtu. Waliona anachanganyaje rangi za mafuta, anaanza na nini, anamalizia na nini. Anayenakili mlango kutoka kwenye simu hana wa kumuuliza.

Majengo nayo yana wenyewe wa kuulizwa. Kwenye baraza moja ya Mkunazini nilikuwa nimepiga goti mbele ya mlango, lenzi karibu na kizingiti, nikitafuta nakshi ya chini ambayo wengi huisoma kama samaki na mawimbi. Bi mkubwa aliyekuwa amekaa barazani alinitazama muda mrefu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huo mlango una watu, mwanangu. Umepiga hodi?"

Nilisimama, nikapiga hodi kama ilivyo ada. Akaingia mbele yangu. Ndani palikuwa na ukumbi wa giza, kisha uwanda wa kati ulio wazi juu, kisima kilichofunikwa, na kuta zenye zidaka zilizopangwa vikombe, msahafu na chupa ya marashi. Mwanga ulishuka kutoka juu na kugeuka ukutani kabla ya kufika kwetu. Nyumba ile kwa nje haina la kusema zaidi ya mlango wake, maneno yake yote imeyaweka ndani. Sikuitoa kamera. Bi mkubwa hakunikataza, lakini binti zake walikuwa wakipita vichwa wazi, na mtu aliyelelewa hangoji kuambiwa jambo kama hilo. Nilikunywa kahawa, nikaaga, na nilipofika Darajani nikakaa kwenye ngazi za duka nikachora kila nilichokikumbuka. Mchoro ule una makosa ya vipimo, ila giza lake na mwanga wake ni vya nyumba ile. Nimejiwekea sharti tangu hapo: chumba cha mtu nakichukua kwa kumbukumbu tu, na nikikichapa nakibadilisha kiasi kwamba hata mwenyewe asiseme ni chake.

Jumba la Maajabu halikuwa na haya hiyo. Lilijengwa kuonekana. Sultani Barghash bin Said alilisimamisha mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe, likatiwa umeme na lifti mapema kuliko majengo mengine ya Zanzibar, na roshani zake pana zilizunguka ghorofa kwa ghorofa. Wengi hudhani mnara wa saa ulikuwepo tangu mwanzo mahali ulipokuwa. Awali kulikuwa na mnara uliosimama peke yake mbele ya jumba, ukavunjwa na mizinga ya meli za Waingereza katika vita vile vifupi vya Agosti 27, 1896. Baadaye ndipo mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini ulionekana umekaa mbele kama mgeni aliyekaribishwa kiti cha kwanza.

Nilikuwa nikienda pale enzi jumba lilipokuwa makumbusho, siku za kazi, wakati watalii wako ufukweni. Nilipiga picha nguzo zaidi ya kitu kingine chochote. Nilizigonga kwa kifundo cha kidole nikasikia mlio wake, nikazishika asubuhi zikiwa baridi na mchana zikiwa haziguswi upande wa bahari. Rangi nyeupe ilikuwa imepakwa tabaka juu ya tabaka hadi mapambo ya kichwani mwa nguzo yamelegea kingo, na mahali rangi ilipobanduka kutu ilikuwa imetoa ulimi wa kahawia. Nguzo ya jiwe haina ulimi huo. Mwaka 2012 pembe moja ya roshani ilianguka, na waliolipenda jumba walijua kwamba onyo limetolewa. Habari ya Desemba 2020 ilinifikia nikiwa Dar es Salaam. Nilizitoa picha zote nikazipanga sakafuni kwa mpangilio wa roshani, kuanzia upande wa bahari. Zilionyesha kutu, maji, boriti zilizoinama. Nilizipiga kwa ajili ya mstari na kivuli, na sikuwa na dhamira ya ushahidi, ila ushahidi ulikuwemo humo.

Miezi michache baadaye ikawa zamu ya Kariakoo. Soko lile lililochorwa na Beda Amuli, msanifu wetu, na kufunguliwa mwaka 1975, nilikuwa nimelifanyia kazi muda mrefu. Anayelipita kwa daladala huona zege la rangi ya vumbi na mabango. Ukiingia na kuinua macho unaona maumbo makubwa ya zege yaliyofunguka kuelekea juu, kila moja kwenye shina lake, na kati ya moja na jingine mwanga unaingia na joto linapata pa kutokea. Halikuwa na viyoyozi, halikuhitaji kuta nzima, na lilibeba maelfu ya watu kila siku katika jiji la joto kama letu. Mimi huliona kama shamba la miembe lililomwagwa kwa zege. Sijui jengo jingine Dar es Salaam linalojua biashara yetu vizuri kama hilo, na naumia kusikia watu wakiliita bovu kwa sababu tu halina vioo.

Kulipiga picha kulinishinda kwa muda. Maumbo yalitoka mazito, yamekufa. Mama mmoja muuza machungwa kule Shimoni, ngazi ya chini, alichoka kuniona nikielekeza kamera darini huku wabeba mizigo wakinipigia kelele za "Pisha! Pisha!" Akaniita.

"Mwanangu, unatafuta nini huko juu kila siku?"

Nilimwambia nataka kuchora paa, na halinikubali.

"Njoo masika," akasema. "Paa hilo kazi yake ni mvua."

Nilirudi masika. Mvua iliponyesha, watu wa Mtaa wa Tandamti na Mkunguni walimiminika ndani na vifurushi vichwani, bei zikatajwa kwa sauti kubwa zaidi kushinda kishindo, na juu maji yakawa yanakusanyika katikati ya kila umbo na kuteremka kwenda chini yalikotakiwa kwenda, badala ya kumwagikia watu. Mwavuli humwaga maji pembeni. Maumbo haya yalikuwa yanayapokea. Nilikuwa nikiyachora yamefungwa, na yalikuwa yamefumbuliwa kama viganja. Picha nilizopiga siku ile zina ukungu wa mvua na nyingine hazisomeki, lakini zilinipa mchoro niliouchapa kwenye kitambaa: kwenye mji wa kitambaa maumbo ya zege yamepangana yakitazama juu, na kwenye pindo mistari ya mvua. Wanawake wa soko walikuwa wa kwanza kukinunua. Mmoja alisema amelitambua soko kabla hajaambiwa, kwa kuwa ni lile analoliona yeye akiwa ameketi chini, si lile la kutoka barabarani.

Usiku wa Julai 10, 2021 soko liliungua. Watu walipoteza mitaji ya miaka, na hasara hiyo inazidi mbali hasara ya mchoraji. Mwili wa zege ulibaki, ukaingizwa kwenye ukarabati, na jengo jipya likainuliwa kando yake. Wanafunzi wa usanifu walinijia wakitaka kuona picha za masika, wazione njia za maji zilivyokuwa. Waliuliza maswali mazuri kuliko yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kutunza picha zangu kwa namna nyingine. Nyuma ya kila moja sasa naandika mtaa, saa, jua liko upande gani, na mbao au mawe ya aina gani ikiwa fundi ameniambia. Kwenye picha za karibu naweka rula ya shule ya sentimita 30 pembeni mwa nakshi. Rula inaharibu uzuri wa picha, na mchoraji ndani yangu aliipinga. Kisha seremala mmoja wa Unguja akanipigia simu. Roshani ya nyumba aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa imeanguka na vijiti vyake vimechomwa kuni, na mwenye nyumba alitaka irudi ilivyokuwa. Picha yake nilikuwa nayo, upande wa kushoto tu, rula ikiwa imeegemea kijiti cha tatu. Alihesabu unene kutoka kwenye rula, akapata nafasi kati ya kijiti na kijiti, akachonga kimoja cha mfano kwa mbambakofi na kunitumia picha yake kikiwa juu ya meza, rula imelazwa pembeni. Mafundo mawili yalikuwa yamekaa chini kidogo kuliko ya asili. Nilimwambia, akachonga kingine.

Kwa sasa niko Upanga, Dar es Salaam. Zimebaki nyumba za miaka ya 1950 na 1960 zenye kuta za matofali ya matundu, zile zinazopitisha upepo na kuzuia jua, na mchana vivuli vya matundu vinatembea sakafuni kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Wenyewe kadhaa wameniruhusu niingie na kamera, rula na timazi, na wawili wamenipa hata michoro ya zamani ya nyumba zao niipige picha. Kila tofali la matundu lina umbo lake, na mafundi wa zamani walikuwa na kalibu zao. Nataka kuzikusanya zote kwanza, kisha nione zitakaaje kwenye lino. Nimeanza na nyumba ambayo imekwisha kuzungushiwa mabati na kubandikwa tangazo la ujenzi.